Mawe Matamu

Awuor hakuomba wakili, hakuomba Biblia, hakuomba hata blanketi, na Julai ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Aliomba mawe yake.

"Yako kwa leso yangu," alisema kupitia vyuma vya seli. "Ile mlichukua pale mbele. Nipatieni hata moja tu, afande. Mate yananijaa mdomo."

Inspekta Patrobas Kweyu alimtazama. Mwanamke mdogo, mimba ya miezi minne, uso umepauka, mkono mmoja umeshika tumbo. Tangu akamatwe alikuwa akilalamika kwamba tumbo linamsokota na kichwa kinamgonga. Sajini wa zamu alisema huo ni mchezo tu, kwamba kila mwenye kesi ya mauaji huugua ghafla akishaonyeshwa mlango wa seli.

Kweyu alikuwa amefanya kazi hii mpaka akapoteza uwezo wa kujua nani anaigiza na nani anaumwa kweli. Alikwenda mezani, akalifungua fundo la leso, akakuta mawe laini rangi ya majivu, yale ambayo Wajaluo huyaita odowa na ambayo wajawazito wa kutoka magharibi huyatafuna kama karanga. Nabwire, mkewe, alikula mawe ya namna hiyo kwa kila mimba aliyojaliwa, na watoto wote walikuwa shuleni wakimaliza viatu. Hakuna sheria inayomkataza mtu kula jiwe. Alimpelekea leso nzima.

"Mungu akubariki, afande," Awuor alisema, na tayari moja lilikuwa shavuni.

Huo ndio wema pekee ambao Kweyu alimtendea mtu asubuhi ile, naye aliondoka pale moyo umekuwa mwepesi kidogo.

OCS, mkuu wa kituo, alikuwa akimngoja ofisini, kofia mezani, simu sikioni. Mjini watu walikuwa wakiandamana kudai katiba mpya, nusu ya askari wa kituo wamekokotwa huko na virungu vyao, na mkubwa huyo hakuwa na hamu ya kusikia habari za jikoni za watu. Aliweka simu chini.

"Kesho asubuhi anasomewa shtaka. Wewe bado unazungukazunguka nini?"

"Kuna jambo halikai sawa, mkubwa."

"Halikai sawa vipi? Sikiliza." OCS alianza kuhesabu kwa vidole. "Benta, mke wa kwanza, anatoka nyumbani Siaya kuja kujifungulia Nairobi. Anakuta Awuor, mke mdogo, ametawala nyumba. Wanagombana, majirani wanasikia. Benta anaanza kuumwa tumbo, anatapika, mwishowe anashikwa na degedege, anakufa na mtoto tumboni. Daktari anapasua, anakuta madini ya risasi, yale ya ndani ya betri ya gari, yamejaa mwilini. Na kaka yake Awuor anafanya kazi gani? Anayeyusha betri Baba Dogo. Na kipande cha risasi tumekitoa chini ya kitanda cha nani? Kweyu, unangoja Mungu ashuke akuandikie kwa mkono wake? Kikulacho ki nguoni mwako. Mke mwenza ndiye aliyemuua."

"Kipande kile ni kizima," Kweyu alisema. "Kaka yake alimletea awapelekee wavuvi wa kwao wakafunge kwenye nyavu. Kiko jinsi kilivyotoka kwenye kalibu. Hakina alama ya tupa wala ya kisu. Mtu akitaka kumlisha mwenzake chuma, lazima akikwangue kwanza."

"Basi alikwangua kingine."

"Na unga, chumvi, sukari, mafuta, chai, vyote vimepimwa. Ni safi."

OCS aliinua simu iliyokuwa imeanza kulia tena. Aliifunika kwa kiganja. "Niletee mtu, Kweyu. Maswali ninayo ya kutosha."

*

Kaloleni, mtaa alikofia Benta, haikuwa mbali, lakini Land Rover ya kituo ilikuwa na tabia zake, na ilibidi isukumwe hadi ng'ambo ya barabara ndipo ikubali kuwaka. Koplo Mukai aliingia akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke wa Machakos mwenye ulimi usiojua vyeo, na Kweyu alimpenda kwa sababu hiyo.

"Ukitaka maoni yangu," Mukai alisema, "ni yeye. Usiniangalie hivyo. Mimi nimelelewa nyumba ya wake wawili. Najua."

Kweyu alikuwa akifikiria kinywa cha marehemu. Daktari Opicho, aliyempasua Benta, alikuwa amemwita karibu na meza, akainua mdomo wa juu wa maiti kwa kidole. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu iliyokolea, kama mtu ameuchora kwa kalamu. Daktari alieleza kwamba mstari huo hautokei kwa siku moja. Ni wa mtu aliyeila risasi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. "Ukiuona kwa mtu aliye hai," alisema, "mkimbize hospitali, usiulize." Kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Kweyu aliwahi kukutana na watu wa kuua kwa hasira, kwa pombe na kwa mashamba. Wa kuua kwa subira ya namna hiyo ni wachache, na huyu wa seli hakuwa na sura yake. Lakini sura si ushahidi.

Odero, mume wa Benta na Awuor, fundi wa reli, alikuwa ameketi kwenye kiti chake bila kuwasha taa. Nyumba za Kaloleni ni za mawe, zilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi wao, na mwezi wa Julai huwa na baridi ya kaburini. Jirani mmoja, Jecinta, mama wa makamo, alikuwa jikoni akiwapikia waombolezaji chai.

"Odero, pole tena," Kweyu alisema. "Nataka unitajie kila kitu ambacho marehemu alikuwa akila."

"Afande, nimesema hata mdomo umechoka. Ugali. Sukuma. Omena. Chai. Kile tulikula sisi ndicho alikula."

"Sahani yake ilikuwa ya peke yake?"

"Hapana. Wao wawili walikuwa wanakula kwa sahani moja. Mama yangu aliwaagiza hivyo siku Benta amefika, ndio wasishukiane. Mkono wa huyu na wa yule, bakuli moja."

Mukai aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza chakula. Hamkuniuliza sahani."

Kweyu alifumba macho kidogo. Kama sumu ilikuwa kwenye bakuli, Awuor alikuwa akiila pia. Kama haikuwa kwenye bakuli, basi Benta alikuwa na kitu kingine ambacho watu wa nyumba hii hawakukiona. Aliomba aonyeshwe tena kitanda cha marehemu.

Kilikuwa kimepekuliwa na maaskari wa kwanza, kwa mtindo ule wa maaskari wa kupindua godoro na kuliacha hivyo. Kweyu alipitisha mkono kati ya kitanda na ukuta, polepole, kuanzia upande wa miguu. Upande wa kichwa vidole vyake viligusa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vumbi la rangi ya majivu na vipande viwili vya jiwe vyenye alama za meno.

"Hiki ni nini, Odero?"

Odero alitazama akageuza uso. "Hayo ni mambo ya wanawake."

"Si odowa tu," Jecinta alisema kutoka mlangoni, sinia mkononi. "Kila mwenye tumbo line hii ya nyumba anakula. Mimi sasa nimeshafunga duka, lakini nilikula pia."

"Na nyinyi hamkutuambia? Tumeuliza nyumba hii yote alikuwa akila nini!"

"Sasa hiyo ni chakula, afande?" Jecinta aliuliza, na alishangaa kweli kweli.

Kweyu aliona aibu. Mtu wa Kisumu au Butere hawezi kulihesabu jiwe pamoja na chakula, kama asivyoweza kuhesabu mate. Na yeye Kweyu alizaliwa Butere. Alikuwa amemnunulia Nabwire mawe hayo kwa mikono yake. Leo asubuhi alikuwa ameyashika tena, na katika kuuliza kwake kote hakuyakumbuka hata mara moja.

Aliweka chembe kwenye ncha ya ulimi. Siku za ujana aliwahi kumwibia Nabwire kipande, akaonja. Kilikuwa na ladha ya vumbi lililonyeshewa, basi. Hiki kilikuwa na utamu, mdogo, wa kuingia polepole, kama mtu anapokumbuka kitu alichosahau. Alitema kwenye leso yake ya mfukoni.

"Ni matamu," alisema.

"Ni ya Triza hayo," Jecinta alijibu. "Anakaa hapo nje ya sosho. Ya watu wengine hayana ladha."

*

Sosho ndio jina la watu wa Kaloleni kwa ule ukumbi wao wa mtaa, na Triza alikuwa ameketi kwenye ngazi zake, gunia limetandazwa mbele. Mjane wa umri wa mama mzima, kitambaa kichwani, Rozari shingoni. Wanawake wawili wenye matumbo yao walikuwa wameinama wakichagua. Walipoona sare ya Mukai, walikumbuka kwamba wana shughuli kwingine.

"Karibuni," Triza alisema. "Mnanifukuzia wateja, lakini karibuni."

Mawe yaliyokuwa mbele yake yalikuwa meupe. Kweyu alichukua moja akalilamba. Hakuona utamu wowote. Alimpa Mukai, naye akalamba, akatikisa kichwa.

"Mama, haya si yale matamu."

"Yale ya kuchomwa yameisha, mzee. Yako kwa moto saa hii, nitayaleta kesho. Yote ni ya shimo moja, ya kwetu Siaya. Haya ni mabichi, yale yamechomwa."

"Kwa nini uyachome?"

"Sista wa kliniki alitufundisha. Alituambia udongo una mayai ya minyoo, mama asile mbichi, achome kwa moto mkali kwanza. Na ni kweli. Tangu nianze kuchoma, sijasikia mteja analalamikia minyoo."

"Benta wa Odero, aliyekufa. Alikuwa akija kwako?"

Triza alishika Rozari. "Mungu amrehemu. Huyo sikuwahi kumwona. Mwenzake ndiye alikuwa anamnunulia, Awuor. Mteja mzuri, lakini msumbufu. Anachagua moja moja. Anageuza, ananusa, analamba, anarudisha. Mpaka wengine wanamnung'unikia."

Mukai alimvuta Kweyu pembeni, nyuma ya nguzo. "Umesikia? Mawe yanatoka hapa bila utamu. Yanafika nyumbani kwa Odero yakiwa na utamu. Na mkono wa katikati ni wa Awuor. Aliyapaka huko nyumbani, akampa mwenzake kimya kimya, mahali mume haoni. Mimi nilikuambia."

Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa zuri mno, na Kweyu aliitazama njia ya kurudi kituoni. Ametoka kituoni asubuhi kumtoa mwanamke kwenye kitanzi, na kila hatua aliyopiga imekikaza. OCS angefurahi. Ingekuwa rahisi kurudi sasa hivi, kuandika, kwenda nyumbani, kula, kulala.

Alirudi kwenye ngazi kwa sababu ya neno moja tu.

"Mama, umesema ya kuchomwa. Utamu unatoka wapi?"

"Si unatoka kwa moto?" Triza alisema. "Nikiyatoa pale juu yameshakuwa matamu."

Kweyu alikuwa ameona moto ukifanya mengi katika mitaa ya Eastlands, lakini hakuwahi kuuona ukilitia jiwe utamu.

"Unachomea wapi?"

"Nyumbani, Baba Dogo."

"Kwa makaa?"

"Makaa gani, mzee? Makaa ni ya matajiri. Karibu na kwangu kuna vijana wana moto mkubwa, unawaka mchana kutwa, na ule wa juu unaenda hewani bure. Wananiwekea wavu pale juu. Wana heshima. Ni Austine alinijulisha kwao, kaka yake huyo huyo Awuor."

Mukai na Kweyu walitazamana. Kisha Mukai akaenda kuisukuma Land Rover.

*

Uwanja wa vijana hao wa Baba Dogo ulikuwa nyuma ya godauni kuukuu, umezungushiwa mabati. Harufu iliwalaki kabla ya mlango: kali, chungu, ya kushika kooni na kukaa. Maganda ya betri yalikuwa yamerundikwa mpaka juu ya ua. Maji yake makali yalikuwa yamemwagwa kwenye mtaro, na kando ya mtaro huo hapakuwa na hata jani la kwekwe. Katikati kulikuwa na tanuri la pipa, feni ikilipulizia moto kwa chini. Vijana watatu walikuwa wakitia sahani za betri kwa koleo, na risasi iliyoyeyuka ilikuwa ikitiririka kwenye kalibu, ikimetameta. Mtu angeweza kuisahau hatari yake kwa uzuri wake.

Vumbi la majivu lilikuwa limetanda kila mahali, kwenye mabati, kwenye vibaraza, kwenye sukuma za jirani.

Na juu ya pipa, palipopita moshi wote, palikuwa na wavu wa waya. Juu ya wavu mawe ya Triza yalikuwa yamepangwa vizuri, moja moja, na mtu mwenye heshima.

Kijana mmoja aliweka koleo chini. Alikuwa mwembamba kuliko umri wake.

"Mimi ndio Austine. Najua mmekuja kunishika. Lakini sista yangu hajaua mtu, mazee. Huyo hawezi ata kuchinja kuku."

"Sijakuja kukushika. Nipe mkono."

Austine aliuinua mkono wa kulia. Uliinuka mpaka kwenye kifundo, na kuanzia hapo kiganja kikaning'inia, vidole vikitazama chini. Alijaribu kuvinyoosha, akacheka kwa haya.

"Imechoka tu. Ni hii kazi. Inakam na kuenda."

Kweyu alikishika kile kiganja kwa muda, halafu akakiachilia taratibu. Alichukua jiwe kwenye wavu kwa kitambaa, akalivunja. Katikati lilikuwa jeupe kama maziwa. Pembeni, kuingia ndani kiasi cha unene wa ukucha, lilikuwa la majivu. Moshi ulikuwa umeingia na udongo ukaunywa. Aligusa ukingo kwa ulimi, akatema, akamwonyesha Mukai. Ulikuwa ule ule utamu.

"Hakuna mtu aliyeyapaka," alisema. "Awuor aliyanunua hivi hivi yalivyo."

Mukai alitoa bahasha akaanza kuyakusanya.

"Kwani shida ni nini?" Austine aliuliza. "Hiyo ni mchanga tu, afande. Na moto si inasafisha? Ata Biblia inasema dhahabu inasafishwa na moto."

"Unayeyusha nini hapa, Austine?"

"Risasi."

"Na moshi wake unabeba nini?"

Kijana alitazama juu, kwenye wavu. Alitazama mkono wake. Kweyu aliliona jibu likimfikia polepole, akatamani lichelewe zaidi.

"Triza alisema ni ya wamama wajawazito," Austine alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia alete. Nikajua nawasaidia."

Kweyu aliketi juu ya ganda la betri. Alikuwa ametafuta muuaji, na hapa hapakuwa na hata mtu mbaya. Ile risasi ilikuwa imelala kwenye mwamba wake tangu dunia iumbwe bila kumgusa mtu. Ule udongo ulikuwa Siaya ukinyeshewa. Watu ndio waliochimba kimoja wakakitia kwenye betri, wakachimba kingine wakakitia kwenye gunia, kisha wakaja kuvikutanisha juu ya pipa la Baba Dogo kwa sababu moto wa bure hauachwi. Sista alishauri vyema, mjane alitii, kijana alisaidia. Na wanawake wa Kaloleni walikuwa wakila, leo, sasa hivi, kwa sababu ni matamu.

Sasa hivi.

"Mukai," alisema. "Asubuhi nilimpa nini yule mwanamke?"

Mukai alisimama na bahasha mkononi. "Leso yake."

"Nzima," Kweyu alisema, akaanza kukimbia.

Redio ya gari ilikuwa imejaa makelele ya fujo za mjini, maaskari wakiitana, na alipoita kituo hakuna aliyemjibu. Land Rover ilikataa kuwaka. Austine ndiye aliyekuja kuisukuma, kwa bega, kwa sababu mikono haikuweza.

*

Awuor alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Leso ilikuwa wazi mapajani mwake, na kati ya mawe yote yalibaki machache ambayo Kweyu hakutaka kuyahesabu. Alifungua seli mwenyewe. Aliinama akayachukua, pamoja na makombo yaliyoanguka sakafuni, akayafunga.

"Nimefanya nini tena?" Awuor aliuliza. "Si ni wewe ulinipea?"

"Ni mimi. Nilikosea. Fungua mdomo, dada."

"Nini?"

"Fungua mdomo tu. Mukai, mulika hapa."

Mukai aliwasha tochi. Kweyu aliinua mdomo wa juu wa Awuor kwa kidole, kama Daktari Opicho alivyofanya. Mstari ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba kuliko wa Benta na haujakolea sana, lakini ulikuwepo, buluu, umefuata meno yote.

Aliuachilia mdomo ule. Mwenye kumtilia mwenzake sumu hajilishi na yeye mwenyewe wiki baada ya wiki. Hapo kesi ilikuwa imekwisha, na badala ya kufurahi Kweyu aliona tu jinsi alivyo mgonjwa, jinsi alivyokuwa mgonjwa siku zote hizo mbele ya macho yao.

"Sajini!" aliita. "Gari isizimwe. Huyu anaenda hospitali sasa hivi."

"OCS amesema kortini kesho," sajini alisema kutoka mezani.

"Mwambie OCS aje aniulize mimi."

Mukai alikuwa amechuchumaa, daftari gotini, kwa sababu taarifa lazima ichukuliwe na ikichukuliwa leo itakuwa na uzito. Kweyu naye alichuchumaa. Alimweleza Awuor kwa maneno mafupi: moto wa Baba Dogo, moshi, mawe. Hakumficha kwamba ndiyo yaliyomuua Benta. Awuor alisikiliza bila kupepesa macho.

"Na wewe ulikuwa ukiyala pia," Kweyu alisema. "Pamoja naye?"

"Pamoja. Odero akishaenda kazini tulikuwa tunakaa jikoni, nafungua leso, tunakula tukiongea. Hiyo tu ndio kitu hatukuwa tunagombania." Alipangusa pua. "Tuligombania jiko, tuligombania kamba ya nguo. Lakini kwa odowa, hapana. Pale tulicheka."

"Mlikuwa mnagawana sawasawa?"

"Hapana, afande. Yeye ni mkubwa." Alisema hivyo kwa kushangaa kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua. "Nilikuwa nachagua kwa Triza moja moja. Yale yamekolea, matamu kabisa, nampa yeye. Mimi nakula yale yanabaki. Hakuna siku nilimtangulia kwa tamu."

Kalamu ya Mukai ilisimama.

Kutoka mbele sauti ya OCS ilisikika ikiuliza nani ameruhusu gari, na viatu vyake vikaanza kuja. Mukai alimtazama Kweyu, na Kweyu alilitazama daftari. Alijua sentensi ile ingesomekaje kortini ikisomwa na mtu asiyejua Kaloleni, asiyejua mke mdogo anampa nini mke mkubwa na kwa nini.

"Andika walikula pamoja," alisema.

"Basi?"

"Basi. Weka nukta."

Mukai aliweka nukta.

Lakini Awuor alikuwa na akili zake, na alikuwa amepewa kila kitu alichohitaji ili afike pale peke yake. Alitazama fundo la leso mkononi mwa Inspekta. Alitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyokuwa bado na unga wa majivu.

"Yale matamu," alisema. "Ndiyo yalikuwa na hiyo kitu nyingi?"

Kweyu alilificha fundo nyuma ya mgongo.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Hapana," Kweyu alisema, kwa haraka mno. Alimshika mkono akamwinua, naye alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia. "Si wewe. Twende."

Awuor alitembea naye hadi mlangoni, kiganja juu ya tumbo, bila kuuliza tena. Taya zake zilikuwa zikienda polepole, zikitafuna, na mdomoni hamkuwa na kitu.